Habari za Marshall Taylor, Mpanda Baisikeli



Hapa kwetu Mtendeli, na katika nchi yote ya Buha toka Kasulu mpaka Kibondo, hakuna asiyeijua baisikeli. Ijapokuwa pikipiki zimekuwa nyingi, hata leo mikungu ya ndizi, magunia ya maharagwe na madumu ya mawese hupandishwa vilima kwa baisikeli, mwenyewe akisukuma huku jasho likimtoka. Na wainjilisti wetu wengi huifikia mitaa ya mbali kwa chombo hicho hicho, Biblia na kitabu cha nyimbo vikiwa vimefungwa nyuma kwa kamba ya mpira.

Lakini ni wachache kati yetu wanaojua ya kuwa mtu mmoja mweusi, mjukuu wa watumwa, aliwahi kuwashinda kwa baisikeli wapanda mbio wa ulimwengu wote. Tena mtu huyo alikuwa Mkristo aliyekataa kwa miaka mingi kushindana siku ya Jumapili, akapoteza kwa ajili hiyo fedha nyingi na sifa nyingi. Jina lake ni Marshall Walter Taylor. Tumeona vema kuwaandikia habari zake, za kufurahisha na za kuhuzunisha pamoja. Wala hatutaficha neno, kwa maana maisha ya mtu yakiisha kupunguzwa mabaya yake, yaliyobaki hayamfundishi mtu.

Utoto wake

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1878 katika mji wa Indianapolis, nchi ya Marekani. Wazazi wake, Gilbert na Saphronia, walitoka Kentucky, mahali palipokuwa pa utumwa, na utumwa ulikuwa umekomeshwa katika nchi ile mwaka wa 1865 tu, yaani miaka 13 kabla hajazaliwa. Baba yake alikuwa amepigana vita ile ya Wamarekani wao kwa wao, akiwa upande wa wale walioshinda. Baadaye alipata kazi ya kuendesha gari la farasi la jamaa moja ya Wazungu matajiri, jina lao Southard.

Jamaa hawa walikuwa na mtoto mwanamume aliyelingana na Marshall kwa umri. Wakampenda kijana, wakamchukua nyumbani kwao awe mwenzi wa mtoto wao. Akavikwa nguo kama zake, akafundishwa kusoma pamoja naye, akapewa na baisikeli. Katika michezo yao hapakuwa na tofauti. Lakini watoto walipokwenda kwenye nyumba ya mazoezi ya Chama cha Vijana Wakristo, wenzake waliingia, naye akazuiwa kwa sababu ya rangi yake. Ndipo alipotambua kwa mara ya kwanza jinsi ulimwengu ulivyo, na la kuhuzunisha zaidi ni kwamba alilijua jambo hilo katika nyumba iliyoitwa kwa jina la Kristo.

Baada ya miaka michache jamaa ya Southard walihamia Chicago. Mama yake hakukubali kutengana na mwanawe, basi kijana akarudi kwenye umaskini wa nyumbani. Hata hivyo baisikeli ilibaki mikononi mwake. Akaitumia kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba, na alipopata nafasi alijizoeza michezo ya ajabu juu yake. Wenye duka moja la baisikeli walipoiona michezo hiyo, wakamwajiri. Asubuhi alifagia duka, na alasiri alicheza na baisikeli mbele ya mlango ili kuvuta wanunuzi, naye amevaa nguo za kiaskari. Kwa sababu ya nguo zile watu wakamwita Meja, na jina hilo halikumtoka tena. Hata leo watu hulitaja jina lake wakisema Major Taylor.

Mashindano ya kwanza

Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, mwenye duka alimwingiza katika mashindano ya maili 10. Hakutazamia ashinde. Alitaka watu wacheke kidogo wamwone mtoto mweusi katikati ya watu wazima. Lakini mtoto alikanyaga, akaendelea kukanyaga, akawaacha wote nyuma, akafika mwisho wa kwanza, kisha akaanguka kwa kuchoka.

Baadaye akamfahamu Mzungu mmoja jina lake Louis Munger, ambaye zamani alikuwa mpanda mbio naye sasa alitengeneza baisikeli. Munger alimtazama kijana, akaona kipawa chake, akamchukua kama mwanafunzi wake. Akamfundisha kula, kulala, kujizoeza na kujizuia. Wengine walimlaumu Munger kwa kumsaidia mtu mweusi, lakini yeye hakuacha. Mwezi wa Juni mwaka wa 1895 kijana alishinda mashindano ya barabarani ya maili 75, mvua ikinyesha na njia ikiwa matope matupu. Yeye peke yake ndiye aliyefika mwisho. Mwaka huo huo Munger alihamia Worcester katika Massachusetts, akaenda naye. Huko Worcester Chama cha Vijana Wakristo kilimfungulia mlango. Twaona basi ya kuwa jina la chama lilikuwa moja katika miji yote miwili, bali mioyo ya watu haikuwa mmoja.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1896 alianza kushindana kwa malipo katika mji wa New York. Yalikuwa mashindano makali ya siku sita, usiku na mchana. Yaliwekwa siku sita kwa sababu mbio za Jumapili hazikuruhusiwa mjini mle. Taylor alikuwa na umri wa miaka 18 tu, na desturi yake ilikuwa mbio fupi, lakini alivumilia mpaka mwisho, akaenda maili 1,732, akawa mtu wa nane. Msomaji na afikiri: umbali huo unazidi kwenda toka Kigoma mpaka Dar es Salaam na kurudi.

Mateso aliyoyapata

Wenzake wengi wa kizungu walimchukia. Chama kikubwa cha wapanda baisikeli wa Marekani kilikuwa kimeweka sheria mwaka wa 1894 kwamba mtu mweusi asiwe mwanachama. Katika majimbo ya kusini viwanja vya mashindano vilifungwa kwake kabisa, naye kwa sababu hiyo alikosa hesabu za ushindi zilizompa mtu ubingwa wa nchi. Penye viwanja alivyoruhusiwa, wapanda wenzake walipatana kumzunguka katikati ili asipate njia, wakampiga kwa viwiko. Mahali pengine alinyimwa chumba cha kulala na chakula.

Mwaka wa 1897, katika mji wa Taunton, mara baada ya mbio kwisha, mpanda mmoja aliyeshindwa naye, jina lake Becker, alimvuta chini ya baisikeli, akamkaba koo hata akazimia, akakaa bila fahamu kama dakika 15. Polisi walimwondoa yule mtu. Adhabu aliyopata mwishowe ilikuwa faini ya dola 50.

Taylor hakulipiza. Alikuwa mtu wa nguvu nyingi, aliyezoea pia mchezo wa ngumi, wala si mwoga. Lakini aliona ya kuwa mtu mweusi akiinua mkono mara moja tu, mlango uliofunguliwa kidogo ungefungwa kwa wote watakaomfuata. Basi jibu lake likawa ni kushinda. Alijifunza kukaa nyuma, kutazama, kungoja, na nafasi ndogo ilipotokea kati ya magurudumu mawili, alipita kama mshale.

Siku ya Bwana

Mama yake alikuwa mwanamke wa sala, na mafundisho yake hayakumwacha mwanawe. Huko Worcester akabatizwa katika kanisa la Wabatisti, akaingia ushirika. Hakunywa pombe wala hakuvuta tumbako, naye alichukua Agano Jipya katika safari zake. Zaidi ya hayo aliazimu kutoshindana siku ya Jumapili.

Jambo hili lilimgharimu sana. Katika michezo ile Jumapili ndiyo siku ambayo watu wengi hawana kazi, na penye watu wengi pana fedha nyingi. Zaidi ya mara moja mashindano makubwa ya Marekani yaliwekwa siku hiyo, naye akakaa kando akawaacha wengine wachukue tuzo. Wenye viwanja wa Ufaransa wakamwita kwa malipo makubwa sana, lakini kwa masharti ya kushindana Jumapili. Akakataa. Wengi walimwona mpumbavu, na hasa walishangaa mtu mweusi asiye na mali akiacha fedha ambazo Wazungu wenyewe walizitamani.

Lakini hakupungukiwa kwa sababu hiyo. Tarehe 10 Agosti 1899, katika mji wa Montreal nchi ya Kanada, alishinda mbio za maili moja, akawa bingwa wa ulimwengu. Kabla yake mtu mweusi mmoja tu alikuwa amepata ubingwa wa ulimwengu katika mchezo wo wote, naye ni George Dixon, mpiga ngumi wa Kanada. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Taylor alikwenda maili moja kwa dakika 1 na sekunde 19, akifuata nyuma ya chombo cha mvuke kilichotangulia kukata upepo. Mwendo huo ni zaidi ya maili 45 kwa saa, kwa nguvu ya miguu ya mtu. Mwaka wa 1900 akawa bingwa wa Marekani.

Mwaka huo alinunua nyumba nzuri katika Worcester. Majirani Wazungu walipopata habari walifadhaika, wakataka kuinunua tena ili asikae kwao. Hakukubali, akakaa.

Safari za ng'ambo

Mwishowe Wafaransa walikubali masharti yake. Mwaka wa 1901 akavuka bahari kwenda Ulaya, na katika mkataba wake haikuwamo hata Jumapili moja. Watu wa Ulaya walimpokea kwa shangwe, wakajaa viwanjani kumtazama.

Huko Paris alikuwako bingwa wa Ufaransa, Edmond Jacquelin, mtu wa nguvu nyingi na majivuno mengi. Walikutana mara ya kwanza tarehe 16 Mei, siku ya Kupaa kwake Bwana, iliyo Alhamisi. Baridi ilikuwa kali, na Taylor hakuweza baridi. Akashindwa. Jacquelin akamwonyesha ishara ya dharau kwa mkono wake mbele ya watu wote. Taylor akanyamaza, akaomba siku nyingine. Wakakutana tena tarehe 27 Mei, Jumatatu ya Pentekoste. Siku hiyo jua liliwaka, na Taylor akamshinda Jacquelin waziwazi.

Tarehe 21 Machi 1902 akamwoa Daisy Victoria Morris. Wakasafiri pamoja mpaka Australia, ambako maelfu ya watu walitoka kumwangalia. Binti yao wa pekee alizaliwa mjini Sydney mwezi wa Mei mwaka wa 1904, wakamwita Rita Sydney. Lakini waliporudi Marekani, mtu huyu ambaye miji mikubwa ya ulimwengu ilimpigia makofi alinyimwa tena mahali pa kula na pa kulala katika nchi yake mwenyewe. Moyo wake ukachoka. Akaacha mashindano muda wa zaidi ya miaka miwili.

Wala si yeye peke yake aliyepata ng'ambo alichonyimwa kwao. Miaka 20 baadaye msichana mmoja mweusi, Bessie Coleman, alitaka kujifunza kurusha ndege, na shule za Marekani zikamkataa. Akajifunza Kifaransa, akaenda Ufaransa, akapata hati ya urubani tarehe 15 Juni 1921, wa kwanza katika wanawake weusi wa Marekani. Naye Eugene Bullard, Mmarekani mweusi, alikuwa amerusha ndege za vita za Ufaransa mwaka wa 1917, lakini nchi yake ilipoingia vitani haikumtaka katika ndege zake. Taylor alikuwa ametangulia kuipita njia hiyo, kwa magurudumu mawili.

Mwisho wake

Sasa twafika kwenye sehemu nzito. Mwaka wa 1907 Taylor alirudi kwenye mashindano huko Ulaya. Miguu yake haikuwa kama zamani, mwili umenenepa, na fedha zilihitajika kwa ajili ya mke na mtoto. Wenye viwanja hawakuwa tena na haja ya kumbembeleza. Basi katika miaka ya mwisho ya safari zile, mtu huyu aliyeshika azimio lake kwa muda mrefu hivyo, alishindana siku ya Jumapili.

Tungaliweza kuliacha jambo hili, na habari ingalikuwa nzuri zaidi. Lakini sisi tunaosoma Katekisimo twajua ya kuwa mtu haokolewi kwa kushika siku, wala hahesabiwi haki kwa nguvu ya azimio lake. Twajua pia ya kuwa amri ya tatu ni amri, na neno la Mungu halipasi kudharauliwa kwa ajili ya faida. Yote mawili ni kweli. Basi tusimrushie jiwe Taylor. Ni nani kati yetu ambaye hakuanza njia kwa nguvu na kulegea kwenye kilima cha mwisho? Alipokuwa na nguvu, Mungu alimtumia kuwa shahidi. Na alipochoka alihitaji rehema ile ile tunayoihitaji sisi.

Aliacha mashindano mwaka wa 1910. Alitaka kuingia chuo cha ufundi cha Worcester, akakataliwa kwa kuwa hakuwa na hati ya shule ya sekondari. Akaweka fedha zake katika biashara moja baada ya nyingine, nazo zikamshinda. Akauza vyombo vya nyumbani, mwishowe mwaka wa 1925 ikauzwa na nyumba ile aliyoipigania. Akaandika kitabu cha maisha yake, akakipigisha chapa mwenyewe. Ndani yake alieleza yote aliyotendewa, akasema hana uadui na mtu. Yeye na mkewe wakatengana. Akahamia Chicago, akakaa katika nyumba ya Chama cha Vijana Wakristo, akawa akizunguka mlango kwa mlango kuuza kitabu chake, kama alivyouza magazeti utotoni.

Akashikwa na ugonjwa wa moyo, akafa tarehe 21 Juni 1932 katika hospitali ya serikali, upande wa wasio na kitu. Umri wake ulikuwa miaka 53. Hakuna ndugu aliyekuja kuchukua maiti, akazikwa katika kaburi la maskini lisilo na alama.

Akalala hapo miaka 16. Ndipo wazee waliokuwa wapanda mbio zamani zake walipomkumbuka. Wakatafuta kaburi, na Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha baisikeli, akatoa fedha. Mwezi wa Mei mwaka wa 1948 wakamfukua, wakamzika upya mahali pa heshima, wakaweka bamba la shaba lenye kueleza ya kuwa alikuwa mtu mwaminifu, mcha Mungu, asiye na chuki moyoni. Mwaka wa 2008 mji wa Worcester ukamsimamishia sanamu mbele ya maktaba yake.

Neno kwetu

Wako wasomaji watakaosema: Mungu amemwacha mtumishi wake afe maskini. Wengine watasema: amekufa maskini kwa sababu alilegea. Sisi hatukubali neno la hawa wala la wale. Mungu hakuahidi kumlipa mtu dola kwa kila Jumapili anayoitunza. Lakini twaona jambo moja linalotupasa kulitafakari. Marshall Taylor alikuwa na kanisa, alikuwa na marafiki, alikuwa na watu wa rangi yake waliojivunia ushindi wake. Na siku alipolala kitandani mwa maskini, hakuna aliyeuliza yuko wapi. Waliokuja kumtafuta kaburini walikuja wamechelewa miaka 16.

Kwa vijana wa sharika zetu, mnaocheza mpira na kwenda mnadani, twasema hivi: jizoezeni kama alivyojizoeza, jizuieni kama alivyojizuia, na mkidharauliwa msijibu kwa matusi. Na mechi ikiwekwa saa ya ibada, mkumbuke ya kuwa aliwahi kuwako kijana aliyeacha tuzo kubwa kuliko jezi na mbuzi.

Lakini neno letu zaidi ni kwa wazee wa kanisa. Katika mitaa yetu wako wainjilisti wa zamani waliopanda vilima hivi kwa baisikeli miaka 30 au 40, mvua na jua, wakibatiza vijiji ambavyo leo vina makanisa ya bati. Baisikeli zao zimepata kutu nyuma ya nyumba, magoti yao yamekwisha. Kuna mmoja tuliyemjua sisi wenyewe. Tulipita mlangoni pake mara nyingi kwenda mikutanoni, tukasema tutaingia tukirudi. Na siku tulipoingia, tuliingia kwa mazishi. Tukamsifu sana siku ile, lakini yeye hakusikia.

Basi mwezi huu kila mtaa na uulize: ni nani kati ya watumishi wetu wa zamani asiyeonekana tena kanisani, na kwa nini? Aliye karibu na aende kumwamkia, achukue unga kidogo au kuni, akae naye, amsomee. Asingoje kikao.